Paipu za chuma zilizotoboka kwenye gari la zamani: namna ya kuzitengeneza bila vifaa vya karakana

Paipu ikitoboka kwenye Land Rover ya zamani, Datsun, Peugeot 504 au Volkswagen Beetle unayoifufua uani kwako, usianze kwa kuhesabu vifaa ulivyonavyo. Anza kwa kuuliza ndani ya paipu hiyo kinapita nini, na kinapita kwa presha gani. Hapo ndipo utajua kama kazi ni ya mpira na klipu, ya risasi ya kulehemu, au ni ya kuitupa paipu nzima na kuweka mpya.

Petroli ya gari la kabureta inasukumwa kwa psi 3 hadi 6 tu. Tairi lako lenye psi 30 lina presha mara tano hadi kumi ya hiyo. Maji ya rejeta yanafika karibu bar 1, yaani psi 14 hivi. Soma kifuniko cha rejeta, mara nyingi kimeandikwa 0.9 au 1.1. Petroli ya injini ya EFI, ile isiyo na kabureta inayopuliziwa petroli kwa nozeli za umeme, inakaa bar 2.5 hadi 3.5 kwenye magari mengi. Breki ni habari nyingine kabisa: ukikanyaga kwa hofu mbele ya bodaboda iliyokukatiza, presha inaweza kuvuka bar 100. Paipu ya presha ya pawa stelingi nayo inakaribia hapo hapo, na paipu za nozeli za dizeli zinapita mbali zaidi.

Kwa hiyo mpaka wetu ni huu. Kwenye presha ndogo, yaani maji, petroli ya kabureta, vakyumu na njia ya kurudishia mafuta tangini, unaweza kubuni kiungo. Kwenye presha kubwa unaweza kubuni spana, namna ya kukata na namna ya kukunja, lakini kiungo chenyewe lazima kiwe kile kile alichokiweka mtengenezaji wa gari. Paipu ya breki haiungwi kwa mpira, hailehemiwi kwa risasi, haizibwi kwa gundi ya chuma, hata kama safari ni ya kutoka Tabata hadi Buguruni tu.

Zinaoza wapi

Dar inaua paipu kwa njia mbili. Nje ni chumvi ya bahari. Gari linalolala Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach linapata hewa ya chumvi usiku kucha, na likipita kwenye madimbwi ya masika matope yanajibana nyuma ya vibanio vinavyoshika paipu kwenye chasisi. Chini ya kibanio hapakauki. Paipu inaweza kuwa inang'aa urefu wote wa mita mbili, kumbe chini ya kibanio kimoja imebaki unene wa karatasi. Ndiyo maana ukaguzi unaofanywa kwa macho tu haufai: fungua kila kibanio, kwangua kutu kwa msasa, halafu pitisha kucha. Ukihisi vishimo, hapo pamekwisha.

Ndani ni maji ya kisima. Visima vingi vya jijini vina maji ya chumvichumvi, na ukiyajaza kwenye rejeta mwaka hadi mwaka paipu za maji nyuma ya injini zinaliwa kutoka ndani. Hizo huzioni hadi siku zinapotoboka.

Paipu ya petroli ina ujanja wake. Gari lenye pampu ya mafuta iliyofungwa kwenye injini linanyonya kutoka tangini, kwa hiyo kipande kirefu cha chini ya gari hakisukumwi, kinanyonywa. Tundu dogo hapo halidondoshi mafuta wakati injini inafanya kazi, linavuta hewa. Gari linakwenda vizuri mjini, ukipanda mlima kama ule wa Kimara linakata pumzi, na chini hakuna tone. Watu hubadilisha pampu, husafisha kabureta, hununua plagi, na tatizo linabaki pale pale. Weka kipande kifupi cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu, washa injini uangalie mapovu. Kipande hicho ni cha kupimia tu. Kitoe ukimaliza, kwa sababu plastiki ya namna hiyo inakauka na kupasuka ikikaa na petroli.

Kabla ya kugusa paipu ya petroli

Fanyia kazi nje, si ndani ya gereji iliyofungwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini na kukaa kwenye kona. Ondoa waya wa hasi wa betri. Weka ndoo ya mchanga au kizimamoto cha unga karibu na mkono. Kazi yoyote ya moto ifanyike paipu ikiwa imetolewa kwenye gari, imemiminwa, imesuuzwa kwa maji ya sabuni na kupulizwa mpaka haitoi harufu. Kwenye gari la EFI, kabla ya kuondoa waya wa betri toa fyuzi ya pampu, washa injini izimike yenyewe, ndipo ufungue kiungo; la sivyo petroli itakurukia usoni.

Kukata

Kikata paipu kizuri ni kile kidogo cha gurudumu, na fundi friji yeyote wa mtaani anacho. Kama hukipati, msumeno wa chuma unatosha, ila uelewe kwa nini unagoma. Blade ya kawaida ina meno 18 au 24 kwa inchi. Hata ile nyembamba kabisa, ya meno 32, ina nafasi ya karibu milimita 0.8 kati ya jino na jino, na ukuta wa paipu ya breki una unene wa milimita 0.7 hivi. Maana yake ukuta mzima unaingia katikati ya meno mawili. Ukisukuma kwa nguvu, jino linanasa, paipu inakunjika au inapondeka.

Dawa yake ni kutokata moja kwa moja. Zungushia paipu ukanda wa karatasi wenye ukingo ulionyooka, ncha zake zikutane sawasawa, na kando yake chora mstari. Kwa blade ya meno 32 kata mfereji mdogo kuzunguka paipu yote, ukiigeuza kidogo kidogo, mikono myepesi. Endelea kuzunguka hadi itengane. Hapo mkato unakuwa mraba. Usiibane paipu tupu kwenye vaisi: chukua vipande viwili vya mbao, vibane pamoja, toboa tundu la kipimo cha paipu kwenye mstari wa katikati, halafu uilaze humo.

Ukishakata, nyoosha kwa tupa laini, kisha ondoa makali ya ndani kwa kuzungusha ncha ya keekee kwa mkono, si kwa mashine. Shika paipu mdomo ukiangalia chini ili vumbi la chuma lidondoke nje. Halafu puliza kutoka upande wa pili. Chembe moja ya chuma inatosha kuziba jeti ya kabureta au kukwaruza mpira wa masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali.

Kukunja

Paipu ya inchi 3/16, ambayo ndiyo ya breki kwenye magari mengi, inakunjika kwa mkono ukiizungushia soketi kubwa, bearing ya zamani au chupa nene ya soda. Usiende chini ya mara tatu ya kipenyo cha paipu, yaani kwa 3/16 usipunguze nusu kipenyo cha kona chini ya milimita 15.

Paipu ya milimita 8 au 10 inapondeka usipoiwekea kitu ndani. Mchanga laini wa kupepetwa unafaa sana. Kwanza uanike juani halafu uukaange kwenye sufuria kuukuu mpaka usibakie unyevu wowote. Ziba upande mmoja kwa kipande cha mti, jaza huku ukigonga paipu kwa mpini wa nyundo ili mchanga ushuke, ujae mpaka usizame tena, ziba upande wa pili. Ukiamua kupasha moto ili ikunjike vizuri, ukavu huo ndio usalama wako: unyevu ukigeuka mvuke ndani ya paipu iliyozibwa, kizibo kinaruka kama risasi. Paipu ya breki usiijaze mchanga kabisa, kwa kuwa hutaweza kuusafisha wote.

Kabla ya kukunja paipu halisi, tengeneza ramani kwa waya mnene wa hanga la nguo. Uukunje kwenye gari penyewe, kona kwa kona, halafu ufuate waya huo mezani. Paipu iliyokunjwa vibaya ukiinyoosha na kuikunja tena mahali pale pale inakuwa ngumu na kupasuka, hasa ya kopa (shaba nyekundu). Kopa iliyokuwa ngumu inarudi laini ukiipasha mpaka iwe nyekundu hafifu. Unaweza kuizamisha majini hapo hapo bila hofu, kwani kopa haifanyi kama feleji inayogeuka ngumu ikipozwa ghafla.

Kuunga kwa mpira: siri ni nundu

Hapa ndipo kazi nyingi za mtaani zinapoharibika. Mtu anakata kipande kilichooza, anachomeka mpira, anakaza klipu mpaka inalia, na baada ya wiki mbili mpira umechomoka. Anaongeza klipu ya pili. Unachomoka tena. Kosa halikuwa kwenye klipu. Paipu iliyokatwa ni laini kama mche wa mwanzi, na mpira wenye petroli au maji moto unateleza. Kinachoushika mpira ni nundu, ule mviringo ulioinuka kuzunguka mdomo wa paipu. Klipu kazi yake ni kukaa nyuma ya nundu na kuzuia mpira usiipande.

Kuna njia tatu za kutengeneza nundu bila mashine yake.

Ya kwanza, na ndiyo tunayoipenda kuliko zote, ni seti ya kupanulia midomo ya breki, ile yenye vitufe vidogo vya kukunja mara mbili. Fanya hatua ya kwanza tu: bana paipu, weka kitufe, kaza skrubu mpaka kitufe kikae chini, halafu ishia hapo. Mdomo umevimba kama uyoga mdogo, na huo uvimbe ndio nundu. Seti hiyo si lazima uinunue. Mafundi wengi wa breki wa mtaa wa Gerezani, Dar, wanayo, na kazi yenyewe ni ya dakika mbili ukiwapelekea paipu mkononi.

Ya pili ni pete ya waya. Chukua waya wa kopa wa umeme wa 1.5, umenye, uzungushe mara moja kwenye paipu milimita 6 hadi 8 kutoka mdomoni, ncha zikutane bila kupandana. Paipu iwe imesuguliwa mpaka chuma kinang'aa. Paka flaksi (dawa ya kusafisha chuma ili risasi ishike), pasha joto paipu yenyewe, si risasi, na risasi ikigusa paipu iingie yenyewe chini ya waya. Ikibaki kama matone juu, ujue paipu ilikuwa chafu au haikupata moto. Ukimaliza, lainisha kwa tupa nundu ibaki na urefu wa milimita moja, na uoshe flaksi kwa maji moto na sabuni, kwani asidi yake ikibaki italeta kutu upya ndani ya siku chache. Fundi rejeta yeyote atakufanyia kazi hii kama huna chombo cha kulehemu. Risasi ya kawaida inayeyuka karibu nyuzi 183, kwa hiyo kwa maji ya rejeta haina wasiwasi. Kwa petroli ya kabureta inafaa pia, mradi paipu iko mbali na ekzosi. Kwa EFI haifai.

Ya tatu ni kuchomelea pete hiyo kwa shaba ya njano na gesi. Ni imara kuliko risasi, ila inahitaji fundi mwenye mkono mwepesi, maana ukuta wa paipu unaungua upesi.

Mpira wenyewe uwe wa mafuta, wenye maandishi ubavuni. Kwa kabureta, ulioandikwa SAE J30 R6 au R7 unatosha. Kwa EFI tafuta R9, ambao unavumilia presha kubwa. Ukiukata, utaona nyuzi zilizosokotwa katikati ya tabaka mbili za mpira. Mpira wa kumwagilia bustani unavimba na kulainika ndani ya petroli, na mpira wa maji ya rejeta nao si wa petroli hata kama umeonekana mnene.

Kipande cha mpira kiwe kifupi iwezekanavyo. Midomo miwili ya paipu ikaribiane hadi karibu kugusana, na mpira uingie angalau milimita 25 kila upande. Usijenge daraja la nusu mita la mpira chini ya gari; jiwe moja la barabara ya vumbi linatosha kulikata. Kwa paipu ya 8 mm tumia klipu yenye ukingo uliokunjwa, isiyo na matundu kwenye ukanda wake. Zile za matundu zinachimba mpira kama grata la nazi. Kaza mpaka mpira uanze kuvimba kidogo pembeni ya klipu, ishia hapo, halafu ukaze tena baada ya injini kupata moto mara mbili tatu.

Kuhusu kutumia paipu ya kopa ya friji kama paipu ya petroli: wengi wanafanya, kwa sababu ni laini na inapatikana kwa mita. Sisi hatuipendi. Kopa inaharakisha petroli kugeuka gundi, jambo linaloonekana zaidi kwenye gari linalokaa wiki nzima bila kuwashwa, na magari ya mapenzi ndivyo yalivyo. Tena inachoka kwa mtikisiko. Ikibidi, iwe kipande kifupi, ikamatwe na kibanio kila sentimita 25 hadi 30, na mahali inapokutana na chuma papakwe rangi, kwa kuwa palipo na chumvi chuma kilichoguswa na kopa ndicho kinachooza kwanza.

Paipu za maji ya injini

Ngoja injini ipoe kabisa kabla ya kufungua kifuniko. Kama tundu liko kwenye sehemu iliyonyooka, kata kipande chote kilichooza hadi ufike kwenye chuma kizima pande zote mbili, tengeneza nundu, unga kwa mpira wa rejeta. Usikate pale tundu linapoonekana tu. Chuma cha sentimita mbili kutoka tunduni mara nyingi nacho kimeshaliwa. Bonyeza kwa bisibisi, kikibonyea endelea kukata.

Kama tundu liko kwenye kona ambapo mpira haukai, toa paipu, sugua mpaka ing'ae sentimita 3 kuzunguka tundu, kisha uzibe kwa kiraka cha kopa na risasi. Kiraka kikate kutoka kwenye paipu ya kopa iliyopasuliwa na kunyooshwa, kikunjwe kifuate umbo la paipu. Risasi peke yake bila kiraka juu ya tundu la kutu haidumu, kwa kuwa imekaa juu ya ukingo uliokwisha oza.

Gundi ya chuma ya mirija miwili ni ya kukurudisha nyumbani. Ikiwa lazima uitumie, kausha paipu, sugua kwa msasa mkwaruzo namba 60 au 80, futa kwa thina, changanya sehemu sawa kama mtengenezaji alivyoandika, paka, zungushia kitambaa cha pamba kilicholoweshwa gundi hiyo hiyo, paka tena juu. Iache saa 24. Watu wengi wanaishia kwenye saa mbili kwa sababu imeshakuwa ngumu mkononi, wanawasha injini, na joto linaibandua.

Ukimaliza, usirudishe maji ya kisima. Tumia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, kama yale ya kujazia betri. Ukinunua chupa ya maji ya betri hakikisha ni maji matupu, kwa sababu kwenye rafu hiyo hiyo huwa kuna chupa za asidi.

Ekzosi

Hapa hakuna mengi. Tundu dogo linafunikwa kwa bati la kopo lililozungushwa mara mbili na kukazwa kwa klipu mbili za chuma. Mpira na gundi vitaungua. Kazi ya kudumu ni kuvalisha bomba pana juu ya lile lililooza na kuchomelea ncha. Mwambie fundi atumie rodi za 2.5 na moto mdogo, aweke nukta nukta kwanza, na kabla hajagusisha rodi toa waya zote mbili za betri na uchomoe waya za oltaneta. Usikubali mtu achomelee karibu na tangi au paipu ya mafuta, hata akikuambia ni sekunde moja.

Breki

Paipu ya breki iliyotoboka inabadilishwa yote, kutoka nati hadi nati. Usimruhusu mtu aibane kwa koleo ili kufunga njia ya gurudumu moja uendelee kutembea. Magari mengi ya zamani, zikiwemo Land Rover za mwanzo, yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Kibano hicho kikiachia, pedali inakwenda hadi sakafuni.

Kazi ya kwanza ni kufungua nati bila kuikata pembe, na spana ya kawaida ya mdomo wazi ndiyo inayozikata. Tengeneza spana yako. Tafuta spana ya ringi kuukuu ya 10 (au ya inchi 3/8 au 7/16 kwa Land Rover, kulingana na nati yako), iliyo nene na yenye pembe sita kama unaipata. Kwenye kichwa chake, kwa msumeno na tupa, fungua pengo la milimita 5.5 hadi 6, ili paipu ya 3/16, yaani milimita 4.75, ipite. Pengo liwe katikati ya pembe mbili, si juu ya pembe. Chagua chuma kinene kwa sababu kichwa kilichokatwa kinataka kufunguka unapokaza. Chembamba kitapanuka na nati itazunguka ndani yake. Skrepa za Gerezani hazikosi spana za kutolea sadaka hivi.

Nati ikigoma kabisa, na kwa kuwa paipu hiyo unaitupa hata hivyo, ikate paipu sawasawa na nati kisha uvalishe soketi ya pembe sita. Hiyo inafungua karibu kila kitu, na ndiyo njia tunayoanza nayo siku hizi kwenye gari lililokaa pwani.

Sasa nyuzi za nati. Chukua nati ya M10 yenye hatua (nafasi kati ya jino na jino) ya milimita 1, ya Toyota au Datsun, na nati ya 3/8 yenye meno 24 kwa inchi, ya Land Rover ya zamani. Ziweke kwenye kiganja. Kwa macho ni mapacha. Ya kwanza ina kipenyo cha milimita 10, ya pili 9.5, na hatua zao zinatofautiana kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Nati ya 3/8 ikiingizwa kwenye tundu la M10 inaingia kwa ulaini unaokupa raha, inakaza, haivuji unapopima polepole. Siku ya kukanyaga breki kwa nguvu inang'oka na meno yake. Kwa hiyo nenda dukani na nati yako ya zamani, pima kwa kalipa, na ukiona nati mpya inacheza kushoto na kulia ikiwa imeingia nusu, iache.

Umbo la mdomo nalo lina aina mbili. Mulika tochi ndani ya tundu la silinda. Ukiona koni imesimama katikati kama chuchu, gari linataka mdomo wa kukunjwa mara mbili. Magari ya Japani ndivyo yalivyo. Ukiona tundu limezama kama faneli, linataka mdomo wa uyoga, kama Volkswagen. Ukivibadilishana vitavuja, na kukaza zaidi kutaharibu silinda.

Kifaa cha fundi friji kina tundu la 3/16 na koni ya nyuzi 45, na ndicho kinachowaponza wengi. Kinapanua mdomo mara moja tu. Paipu ya chuma ikipanuliwa hivyo inapasuka kwenye mshono, na ukingo uliobaki ni mwembamba mno kwa presha ya breki. Azima au kodi seti ya vitufe. Paipu iwe ya chuma ya breki au ya kopa yenye nikeli, ambayo haishiki kutu na inakunjika kirahisi. Hii ya pili ndiyo inayofaa pwani. Kopa tupu ya friji, hapana.

Ingiza nati kwanza, ikiangalia upande sahihi. Huu ndio usahaulifu wa kila mtu, na unagharimu mdomo mzima. Kwangua rangi au plastiki iliyofunika paipu kwa urefu utakaobanwa, la sivyo itateleza. Bana paipu ichomoze sawasawa na kimo cha ngazi ya kitufe cha 3/16. Dondoshea tone la mafuta ya breki. Kaza kitufe hadi chini, kitoe, halafu kaza koni ili mdomo ujikunje kwa ndani. Ukitoa, utazame juani: duara liwe sawa pande zote, bila ufa, bila mkwaruzo. Mdomo ulioegemea upande mmoja umetokana na mkato usio mraba. Mdomo mdogo maana yake paipu iliteleza. Kata urudie, acha sentimita 5 za ziada kwa ajili hiyo tangu mwanzo.

Shika nati kwa vidole mpaka iingie mizunguko mitatu kabla ya kugusa spana. Nati ya M10 inakazwa Nm 15 hivi, ambayo kwa spana fupi ni mkono mmoja bila kujikamua. Kisha toa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, kuanzia gurudumu lililo mbali na masta silinda. Kwa gari la usukani wa kulia mara nyingi ni la nyuma kushoto, na umalizie la mbele kulia. Mafuta yawe DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, kutoka chupa mpya, kwa sababu mafuta haya yanavuta unyevu wa hewa na Dar unyevu haukosekani. Yakimwagika kwenye rangi, mwagia maji mengi mara moja.

Kupima

Paipu ya maji au ya petroli ya kabureta ipime kabla ya kuirudisha. Ziba upande mmoja kwa mpira uliowekwa bolti, upande wa pili unga pampu ya baiskeli yenye geji, jaza hadi psi 15 na upake maji ya sabuni kwenye viungo. Fanya hivyo paipu ikiwa kavu na haina hata harufu ya petroli.

Breki zipime gari likiwa limesimama na injini imewashwa. Kanyaga kwa nguvu zako zote, hesabu hadi 60. Pedali ikizama polepole kuna mahali panavuja, au masta silinda imechoka. Mtu wa pili afute kila nati kwa tishu nyeupe na aiangalie mwangani. Unyevu usioonekana kwenye chuma unaonekana kwenye tishu. Rudia kipimo hicho cha tishu kesho yake asubuhi, na tena baada ya kilomita 50 hivi. Vibanio vyote virudishwe mahali pake vikiwa na kipande cha mpira chini na grisi juu ya paipu, visishike chuma kwa chuma.

Paipu ya presha ya pawa stelingi wapelekee wanaobana hozi za haidroliki za malori na katapila. Wanatengeneza mpya ukiwapa ya zamani yenye ncha zake. Paipu za AC na za nozeli za dizeli usiziguse kwa njia yoyote iliyoandikwa hapa. Ya nozeli ikiwa na ufa, usipapase kwa kidole kutafuta inapovujia: mafuta yanayotoka hapo yanapenya ngozi. Pitisha kipande cha karatasi ngumu mbali na mkono, na ukiona kimelowa, zima injini uagize paipu nyingine.